Rupia ya Bibi

Boom bado halijatoka, hapa hosteli watu tunaishi kwa chai ya rangi na mihogo. Nimeona bora niandike kuhusu hela kuliko kukaa kuisubiri.

Likizo nilikuwa nyumbani Dongobesh, Mbulu. Jioni moja baba mdogo akarudi kutoka mnadani Katesh, kule Hanang, kachangamka kweli. Kuna jamaa kamwambia rupia ya Mjerumani inanunuliwa kwa mamilioni, ila kwanza utoe laki tatu "ya kuipima". Bibi anayo moja, kaifunga kwenye kitambaa miaka yote. Baba mdogo alishachagua na ng'ombe wa kuuza.

Nikamwambia, "Baba mdogo, naomba niisome kwanza."

Sarafu inasomwa, jamani. Upande mmoja kuna mzee mwenye masharubu, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu. Ndiye Kaiser Wilhelm II. Maandishi yanayomzunguka ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Imperator ni cheo walichokiandika watawala wa Roma kwenye sarafu zao, na neno Kaiser lenyewe limetokana na Caesar. Mnakumbuka Yesu alivyoulizwa habari za kodi? Aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura ile ni ya nani. Sura inakuambia nani anakudai.

Upande wa pili: DEUTSCH OSTAFRIKA, 1 RUPIE, 1911, na herufi ndogo J. Hiyo J ni Hamburg ilikotengenezwa. A ni Berlin, T ni Tabora. Ukikuta jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ujue ni ya kabla ya 1904.

Ni ya fedha halisi, gramu kama 11.66, lakini zilitengenezwa nyingi mno, haikaribii milioni. Adimu ni ile ya dhahabu yenye tembo, ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 katikati ya vita, kwa dhahabu ya Sekenke, hapo jirani Iramba. Zilitoka kama 16,000 tu.

Kuanzia 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller 100. Heller ndiyo hii hela tunayoililia hapa hosteli!

Bibi alikuwa kimya muda wote. Ndipo akasema babu yake aliuza fahali ili apate rupia za kodi, na hii moja ndiyo iliyobaki. Nikanyamaza. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa 1897, na baadaye sarafu ndiyo ikawa malipo yanayotakiwa. Mtu mwenye zizi limejaa alionekana hana kitu mpaka auze mifugo au akafanye kibarua kwa mzungu. Fahali wa kwanza aliondoka kwa ajili ya rupia. Zaidi ya miaka mia baadaye, wa pili nusura amfuate kwa rupia ile ile.

Baba mdogo akampigia yule jamaa, akamwambia aje aipimie nyumbani mbele ya watu, bila malipo ya kwanza. Simu ikakatwa, haikupokelewa tena.

Ng'ombe yuko zizini. Rupia imerudi kwenye kitambaa, na nimewaomba wasiisugue kwa mchanga wala ndimu, maandishi yatafutika.

Kama kwenu ipo, isomeni kabla ya kuuza kitu. Boom likitoka nitawajulisha.

Nawasilisha.