Somo la Historia: Kichaka Kilichokuwa Adui

Kaeni vizuri, na mwalimu wa darasa awe na chaki tayari. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kichaka cha Singida, na mwisho wake utatufikisha uani kwako.

Ukiwauliza wazee kichaka ni kitu gani, wengi watakujibu: ni maficho ya mbung'o. Jibu hilo si la ujinga. Mbung'o hukaa penye kivuli cha pori, naye ndiye aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mtu aliyeona ng'ombe wake wakiisha zizini hakuwa na sababu ya kupenda kichaka. Basi kufyeka kulihesabiwa kuwa kazi ya heshima, na ua mweupe usio na jani ukawa dalili ya nyumba safi.

Wakati wa Waingereza, Serikali nayo iliingia katika kazi hiyo. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyewekwa mwaka 1919 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa pori ya Tanganyika, alisimamia vita vya mbung'o huko Shinyanga. Katika miaka ya 1920 maelfu ya Wasukuma walifyeka pori kwa pamoja. Mwaka 1929 Bwana Swynnerton alifanywa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o. Katika kazi hiyo alikuwapo pia Bwana B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea, aliyepita katika mapori yetu akiandika habari za miti.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Kadiri walivyochunguza, ndivyo watafiti walivyoona kwamba si lazima kukata kila mti. Aina fulani ya mbung'o hutegemea miti fulani, mahali fulani. Ikiondolewa hiyo, mingine yaweza kuachwa. Wakaanza kufyeka kwa kuchagua.

Mabwana hao wawili walikufa pamoja mwezi wa Juni 1938, ndege yao ilipoanguka karibu na Singida. Lakini jina la Burtt limebaki porini. Katika kichaka cha Itigi, Manyoni, umo mti mdogo ambao wataalamu wameuita Burttia kwa heshima yake.

Watu wengi hawakulisikia neno la kuchagua. Walishika lile la kufyeka. Shoka likaendelea, kwa mashamba, kwa kuni na kwa mkaa. Mahali pengi mbung'o wakaondoka, lakini na nyuki wakaondoka, na ndege walao wadudu wa shambani, na kivuli pia. Na sisi Singida mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Udongo usiofunikwa huchukuliwa na upepo, kisha na maji.

Wako waliogeuka mapema. Mwaka 1995 vijiji vitano vinavyozunguka msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, vilianza kuulinda msitu huo vyenyewe, kwa walinzi wao na sheria zao ndogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatambua misitu ya vijiji katika nchi nzima.

Je, wewe usiye na msitu ufanye nini? Huna haja ya kununua mche. Nenda ukaangalie visiki vilivyo mpakani mwa shamba lako. Kisiki ambacho mizizi yake i hai hutoa machipukizi mengi kila mwaka, nasi huyakata au mbuzi huyala. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, kisha uyalinde. Huko Niger, Afrika ya Magharibi, wakulima walianza kueneza njia hii katika miaka ya 1980, na miti imerudi katika mashamba yao. Ndugu zetu wa Dodoma huiita kisiki hai.

Acha mkole, kwa maana ndege hupenda matunda yake. Acha mkwaju na mgunga, kwa maana nyuki huyapenda maua yake. Mnyaa ni ua mzuri, lakini waonye watoto: utomvu wake huumiza macho. Mwarobaini hufaa kwa kivuli, ila asili yake ni Asia.

Wala usisahau hofu ya wazee. Mbele ya mlango pawe peupe kwa sababu ya nyoka. Na kama kwenu mbung'o wangalipo, usiache kichaka kisonge karibu na zizi wala njia ya kisimani. Wazee walifyeka kwa sababu. Nasi tuache kwa sababu.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini wazee walikichukia kichaka?
2. Kufyeka kwa kuchagua ni kufanya nini?
3. Taja miti mitatu ya asili iliyokuwapo kijijini kwenu zamani. Iandike majina yake kwa mkono wako. Ni upi ambao kisiki chake kingali hai?