Mizani Moja kwa Rafiki na Adui

Nabii Amosi alianza kuhubiri kwa kuwashtaki majirani. Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, kila mmoja alitajiwa uovu wake: watu waliouzwa utumwani, wajawazito waliouawa ili mipaka ipanuliwe. Tunaweza kuwaona wasikilizaji wake wakiitikia kwa furaha kila jirani alipotajwa. Kisha nabii akaigeukia Yuda, na mwisho Israeli yenyewe. Muda si mrefu kuhani wa Betheli akamwambia aondoke.

Tunazikumbuka sura hizo kila tunaposikia nchi moja imeipeleka nyingine mahakamani kwa ajili ya haki za binadamu. Mwaka 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliishtaki Rwanda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Katika sharika zetu wamo ndugu wenye jamaa pande zote mbili za mpaka ule. Baada ya ibada moja mama mmoja alituuliza, "Mchungaji, tuombe nani ashinde?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tumelitafuta katika historia ya Walutheri wenzetu wa Namibia.

Kesi iliyochukua miaka sita

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, makoloni ya Ujerumani yaligawiwa mataifa mengine yayatawale kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Tanganyika ilipewa Uingereza. Namibia ilipewa Afrika Kusini, kwa sharti la kukuza ustawi wa wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikubali Tanganyika iwe chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini ilikataa. Iliendelea kuitawala Namibia kama jimbo lake na kuingiza huko sheria za ubaguzi wa rangi.

Wanamibia wenyewe hawakuweza kwenda mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague husikiliza kesi kati ya dola na dola tu. Chifu Hosea Kutako wa Waherero alipeleka kilio cha watu wake Umoja wa Mataifa kupitia kwa Mchungaji Michael Scott wa Anglikana, lakini mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa kwake. Ndipo Novemba 1960 Ethiopia na Liberia, zilizokuwa wanachama wa lile Shirikisho la zamani, zikafungua kesi kwa niaba ya Afrika huru.

Tuseme wazi kwamba kesi ile ilikuwa silaha. Nchi za Afrika zilitafuta hukumu ya kuwabana Makaburu mbele ya dunia nzima. Kutafuta silaha isiyomwaga damu si dhambi. Lakini mikono ya washtaki nayo haikuwa safi. Mwaka 1930 tume ya kimataifa ilikuwa imewakuta maofisa wa Liberia wakihusika kuwapeleka watu wao kwa nguvu kufanya kazi kisiwa cha Fernando Po. Na Novemba 1962, kesi ikiwa bado mahakamani, Mfalme Haile Selassie alilivunja shirikisho kati ya Ethiopia na Eritrea, lililopangwa na Umoja wa Mataifa, akaifanya Eritrea jimbo lake. Wazee wetu walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hukumu ilitolewa tarehe 18 Julai 1966. Kura za majaji zililingana saba kwa saba, na Rais wa Mahakama, Percy Spender wa Australia, akaongeza kura yake ya uamuzi. Mahakama ilisema Ethiopia na Liberia hazikuthibitisha kuwa zina haki ya kisheria katika shauri hilo. Kama ubaguzi ulivunja masharti ya mwaka 1920 au la, haikusema. Mwezi uliofuata, chama cha SWAPO, kilichokuwa na ofisi Dar es Salaam, kilipigana vita vyake vya kwanza huko Omugulugwombashe. Watu waliotazamia hakimu sasa walishika bunduki.

Barua iliyosomwa makanisani

Mwaka 1970 Baraza la Usalama liliomba maoni ya Mahakama hiyohiyo. Tarehe 21 Juni 1971, kwa kura 13 dhidi ya 2, majaji walisema kuwapo kwa Afrika Kusini nchini Namibia si halali. Serikali ya Waziri Mkuu Vorster ilikataa, ikidai kwamba wenyeji wameridhika.

Hapo Kanisa lilifungua kinywa. Wanafunzi wa theolojia wa Paulinum, chuo cha Otjimbingwe, walikuwa miongoni mwa waliowahimiza viongozi wao waseme. Tarehe 30 Juni Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, viongozi wa makanisa mawili ya Kilutheri ya watu weusi, walimwandikia Vorster barua ya wazi. Walilitumia Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kama kipimo, wakaonyesha haki moja baada ya nyingine iliyokanyagwa: kutembea bila pasi, kusema bila hofu, na mume kuishi na mkewe badala ya kutengwa naye na kazi za mkataba. Waumini walisomewa ujumbe huo makanisani. Wanamibia, ambao hawakuwa na kiti The Hague, sasa walisikika.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mwaka 1973 kiwanda cha uchapaji cha Kanisa huko Oniipa kililipuliwa kwa bomu. Kilijengwa upya, na mwaka 1980 kikalipuliwa tena. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni jambo la ukiri wa imani. Mkutano huo ndio uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza. Tunayo haki ya kuikumbuka siku ile kwa shukrani.

Zamu ya Israeli

Lakini Amosi hakuishia kwa majirani. Wakati mkutano ule ukifanyika, Andreas Shipanga na wenzake kadhaa wa SWAPO walikuwa wamefungwa katika magereza ya Tanzania bila kushtakiwa. Waliwapinga viongozi wa chama chao, wakakamatwa Zambia mwaka 1976, kisha wakahamishiwa kwetu. Waliachiwa Mei 1978.

Katika miaka ya 1980 mambo yalizidi. Huko Lubango, Angola, SWAPO iliwatuhumu mamia ya watu wake kuwa wapelelezi, ikawatesa na kuwafungia katika mashimo ardhini. Wengine hawakurudi. Wazazi wao waliwaendea viongozi wa makanisa wakiomba msaada. Walio wengi walinyamaza, wakihofu kumpa Kaburu silaha. Mchungaji Siegfried Groth, Mjerumani aliyewahudumia wakimbizi wa Namibia, aliandika habari hizo katika kitabu mwaka 1995, miaka mitano baada ya uhuru, akalaumiwa vikali na serikali.

Hatuandiki haya ili kuifuta barua ya Auala na Gowaseb. Barua ile ilikuwa ya kweli na itabaki ya kweli. Tunaandika kwa sababu Torati ilikataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Haki inayodaiwa kwa adui tu imekwisha kugeuka silaha, hata ikidaiwa na askofu.

Tumwombee nani?

Kesi ya Arusha ni ya majaji, nasi hatuwaamulii. Lakini ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu mashariki mwa Kongo zimetaja uovu wa zaidi ya upande mmoja, na aliyebakwa au kuchomewa nyumba hana bendera anayoililia. Zaidi ya hayo, mlango uliofungwa kwa Kutako haujafunguka vya kutosha. Rwanda mwaka 2016, na nchi yetu Tanzania mwaka 2019, ziliondoa tamko lililowaruhusu raia kuifikia Mahakama ya Arusha moja kwa moja. Dola zinaweza kushtakiana pale. Mwananchi wa kawaida amebaki nje ya uzio.

Kwa hiyo mama yetu tunamjibu hivi: tusiombe dola fulani ishinde. Tuombe ukweli wa walioumizwa usikike, wawe wa upande wowote, na majaji wasipendelee. Tuwapokee walio kati yetu kutoka pande zote mbili katika meza moja ya Bwana. Na jina la nchi yetu, au chama chetu, au Kanisa letu litakapotajwa, Mungu atujalie tusimwambie nabii aende akahubiri kwingine.