Ndoa Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene: Hoja ya Kumshirikisha Mwenza

Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha katika jarida la JAMA Surgery matokeo ya kufuatilia makundi mawili ya watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Kundi la kwanza lilikuwa na wagonjwa 1,958, waliolinganishwa na wenzao 1,912 wenye unene kama wao lakini waliotibiwa bila kisu. Miongoni mwa waliokuwa na wenza, waliopasuliwa walielekea kuachana kwa asilimia 28 zaidi. Katika kundi la pili, la wagonjwa zaidi ya 29,000 waliolinganishwa na raia wa kawaida, tofauti ya talaka ilifika asilimia 41.

Anayeishia hapo atasema kisu huvunja ndoa, na atakuwa amesoma nusu ya utafiti. Katika kundi lile la kwanza, wasiokuwa na wenza walipata wenza au kufunga ndoa kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wale ambao hawakupasuliwa. Na kadiri mtu alivyopungua zaidi ndivyo alivyoelekea zaidi kubadili hali yake, iwe ni kuingia kwenye ndoa au kutoka. Kwa maoni yangu, upasuaji huu hufumua makubaliano ambayo wanandoa waliyafikia kimyakimya, miaka mingi, kuhusu mwili wa mmoja wao. Wapo wanaoyasuka upya, na wapo wanaogundua kwamba hayakuwa na kingine cha kuyashika. Kosa la huduma zetu ni kumwita mmoja tu kwa daktari, ilhali maisha yatakayobadilika ni ya wawili.

Tumfikirie mke ambaye kwa miaka kadhaa amemfunga mumewe kamba za viatu kwa kuwa mume hawezi kuinama. Ndiye anayempima sukari asubuhi, ndiye anayemtikisa usiku pumzi zinapokwama usingizini. Mwaka mmoja baada ya upasuaji mume anafunga kamba mwenyewe, daktari amempunguzia dawa za sukari, na analala bila kukoroma. Ni neema, na mke anamshukuru Mungu kwa dhati. Hata hivyo kazi iliyompa nafasi yake katika nyumba ile imeondoka, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajisikiaje. Akinuna, ataambiwa ana wivu. Huenda kweli wivu upo, lakini chini yake kuna hofu ya mtu asiyejua tena anahitajika kwa lipi.

Mvutano wa kwanza huonekana kwenye chakula. Katika upasuaji unaofanyika zaidi siku hizi, daktari huondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Mgonjwa huelekezwa kula kidogo sana, kuanza na vyakula vya protini, kutafuna taratibu na kutokunywa maji huku akila. Maelekezo hayo ni mepesi kwenye karatasi ya hospitali. Yapeleke sasa kwenye nyumba ya Pwani ambako watu wamezunguka sinia moja la pilau. Mkwe aliyepasuliwa anatafuta kipande cha nyama, anamega matonge mawili madogo, anaacha. Mama mkwe aliyeshinda jikoni anaona dharau, mawifi wanatazamana, na mume analazimika kuchagua papo hapo amtetee nani. Kama hajui kwa nini mkewe ameacha kula, atanyamaza, na kimya hicho mke hatakisahau.

Tena chakula hakikuwa shibe tu. Aliyezoea kuzima hasira au upweke kwa sahani ya wali hana tena sahani hiyo, na hisia zile zitatafuta mlango mwingine. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2012 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba matatizo ya pombe yaliongezeka kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine, ule wa kuunganisha utumbo upya, pombe huingia kwenye damu haraka kuliko awali. Anayeyaona mabadiliko hayo kabla ya daktari ni mwenza, na mara nyingi hakuambiwa ayaangalie.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo ambalo takwimu za Sweden haziwezi kulionyesha. Hapa jamii huisoma ndoa kwenye mwili. Bibi harusi akinenepa huambiwa ndoa imemkubali, na sifa humwendea mume. Akikonda, mume ndiye wa kwanza kutuhumiwa. Juu ya hilo kuna kumbukumbu chungu: miaka ya 1980 huko Rakai, Uganda, UKIMWI ulijulikana kwa jina la Slim kwa jinsi ulivyowakausha watu, na waliozika ndugu zao wakati ule bado wako hai. Mtu anayepungua kilo 30 kwa mwaka hawezi kupita mtaani bila minong'ono. Wengi huficha upasuaji wakiogopa kuitwa wavivu, na mwenza hubebeshwa siri inayomlazimu kuwadanganya ndugu zake mwenyewe. Siri ya namna hiyo huchosha ndoa hata yenye upendo.

Suala la uzazi ni zito zaidi. Wanawake wengi hushauriwa kupunguza uzito ili washike mimba, na baada ya upasuaji yai huweza kurudi kupevuka ndani ya miezi michache. Lakini madaktari huwataka wasubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili ungali unapungua kwa kasi na virutubisho havitoshi. Na baada ya utumbo kuunganishwa upya, vidonge vya majira si vya kutegemewa. Mume aliyengoja mtoto miaka saba akilisikia hilo kwa mara ya kwanza chumbani, kutoka kwa mkewe, atasikia kukataliwa. Akilisikia kwa daktari, mkewe akiwa pembeni yake, atalielewa kuwa ni sehemu ya matibabu.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki: kumwingiza mume hospitalini ni kumpa rungu juu ya mwili wa mke, hasa pale yeye ndiye anayelipa. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Mgonjwa aonwe kwanza peke yake, aulizwe kama nyumbani kuna vitisho au kipigo, na uamuzi wa kupasuliwa uwe wake. Mwenza aitwe baada ya hapo, kwa ridhaa ya mgonjwa, aje kujifunza. Wala sihesabu kila talaka kuwa ni madhara ya upasuaji. Mtu aliyevumilia matusi akiamini hakuna mwingine atakayemtaka, kisha akaondoka, amepona maradhi mawili.

Huduma za kupunguza uzito zinazidi kutufikia. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila ilianza mwaka 2022 kuweka puto tumboni, tiba isiyohitaji kisu, na upasuaji wenyewe unafanyika Nairobi na Dar es Salaam. Huu ndio wakati wa kuweka utaratibu, kabla wagonjwa hawajawa wengi. Hospitali zetu zipange kikao kimoja cha wanandoa kabla ya upasuaji na vingine katika miaka miwili inayofuata, na ziandike hali ya ndoa kwenye faili kama zinavyoandika uzito na sukari.