Bibi Titi: kutoka ngoma za Kariakoo hadi kiti cha Rufiji

Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam kukitazama chama kipya kilichoitwa TANU. Makao ya chama yalikuwa New Street, barabara ambayo siku hizi ni Lumumba. Katika mazungumzo na viongozi, Hatch aliuliza jambo ambalo wenyeji wake hawakuwa na jibu lake tayari: wanawake wenu wako wapi? Kati ya watu 17 walioanzisha chama hicho Julai 7, 1954, hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Ikabidi wapatikane, na wapatikane upesi. Aliyetafutwa akaongoze kundi hilo hakuwa mwalimu wala karani. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, mtoto wa mjini mwenye umri wa miaka 29, jina lake Titi binti Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Shule aliisoma miaka michache tu, akaolewa mapema kama walivyoolewa wenzake. TANU aliingia pamoja na mumewe, Boi Selemani. Lakini mitaani alijulikana kabla ya siasa, kwa sababu ya sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha ngoma ya lelemama, na mjini wakati huo mwimbaji wa lelemama alikuwa mtu mkubwa kuliko tunavyoweza kudhani leo.

Kikundi cha lelemama kilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake na washindani wake. Wanachama walizikana, waliozana, walilipiana madeni. Mmanyema, Mzaramo, Mmatumbi na Myao walikaa kwenye safu moja, jambo ambalo vyama vya kikabila vya wanaume vilishindwa kulifanya. Mtu aliyetaka kuwafikia wanawake 500 wa Kariakoo, Gerezani na Ilala hakuwa na haja ya kugonga milango 500. Ilitosha kuzungumza na wakubwa wachache wa ngoma, na habari ilifika uani mwa kila nyumba kabla ya magharibi. Ndivyo Bibi Titi alivyofanya, yeye na wenzake akina Tatu binti Mzee.

Matokeo yaliwashangaza hata wanaume wa chama. Oktoba 1955, katibu wa TANU, Oscar Kambona, aliwaandikia marafiki wa chama walioko London, kwenye Fabian Colonial Bureau, kwamba Bibi Titi alikuwa amekwisha kuandikisha wanawake 5,000. Miezi michache nyuma hawakuwa wanahesabiwa kabisa.

Wanaotaka kuelewa kwa nini jambo hili lilikuwa na uzito waitazame sheria ya wakati huo. Waraka wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa umma kujiunga na vyama vya siasa. Wasomi wengi wa Kiafrika walikuwa watumishi wa serikali, na kwa hiyo chama kilichodai uhuru kilinyimwa watu wake waliojua kusoma na kuandika. Mwanamke aliyeuza vitumbua mlangoni, aliyepika pombe au aliyeishi kwa kodi ya vyumba hakuwa na mwajiri wa kumtishia kazi. Aliweza kununua kadi hadharani. Ningesema bila kusita kwamba TANU ya mjini katika miaka yake ya kwanza ilisimama juu ya watu hawa, ingawa picha za ukutani zimejaa wanaume waliovaa suti na kanzu.

Kisha ukaja wakati wa kura, na mambo yakageuka. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ili upige kura ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Wanawake waliokuwa wamekijaza chama walibaki nje ya uzio. Walihudhuria mikutano ya Mnazi Mmoja, walichanga, waliimba, na siku ya kura walikaa nyumbani.

Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, uzio ule ulikuwa umeshaanza kuvunjwa, na Bibi Titi akawa mbunge. Jimbo lake lilikuwa Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, na wala si mitaa iliyomlea kisiasa. Bunge lilikutana Ukumbi wa Karimjee, karibu na Bustani ya Mimea. Kutoka Kariakoo ni mwendo mfupi kwa miguu, ila kwa hadhi palikuwa mbali: ukumbi uliotolewa na familia tajiri ya wafanyabiashara, wenye taratibu zilizochukuliwa London. Mwaka 1962 ulipoanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Alipewa pia unaibu waziri. Katika miaka hiyo, baada ya jina la Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, hapakuwa na jina la mwanamke nchini lililotajwa mara nyingi kuliko lake.

Septemba 1965 nchi ilifanya uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja, jukwaa moja, Kiswahili kitupu, na walikatazwa kugusia kabila, rangi au dini. Wengi walidhani itakuwa kura ya sherehe. Haikuwa. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alianguka. Huku Dar es Salaam, Derek Bryceson, Mwingereza aliyekuwa mkulima, alichaguliwa na wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika. Na Rufiji ilimkataa Bibi Titi.

Mtu aliyeweza kuujaza uwanja wa Mnazi Mmoja alishindwa kujaza masanduku ya jimbo lake mwenyewe. Kuna wanaolieleza hilo kwa uanamke wake, na bila shaka ulimpunguzia kura. Lakini sehemu ya jibu iko katika namna nguvu zake zilivyojengwa. Zilikuwa nguvu za mtaa, za watu wanaojuana kwa ngoma na kwa misiba, na mtu hawezi kuzifunga mzigoni akahama nazo hadi bonde la Mto Rufiji. Mpiga kura wa huko alitaka kujua mbunge wake yuko wapi mwaka mzima. Alikuwa mjini, akiendesha UWT, au safarini kwa kazi za taifa.

Pigo la pili lilitoka Arusha. Azimio lililotangazwa Februari 5, 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Masharti mawili ya kwanza hayakuwagusa sana wanawake wa Kariakoo. Hilo la mwisho liliwachoma moja kwa moja. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ndiyo iliyokuwa akiba ya mwanamke wa mjini. Mume anaweza kuacha, biashara inaweza kufa, lakini mpangaji hulipa kila mwezi. Azimio lililenga ubepari, na kwa nia yake lina utetezi mzuri. Ila hapa mwenye vyumba vya kupangisha aliwekwa fungu moja na mwenye kiwanda. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka huohuo alijiuzulu uongozi wa chama na wa UWT.

Oktoba 1969 alikamatwa. Kesi ya kwanza ya uhaini katika Tanzania huru iliwaweka kizimbani yeye, aliyekuwa waziri wa kazi Michael Kamaliza, na maofisa kadhaa wa jeshi miongoni mwa washtakiwa wengine. Kambona, yuleyule wa barua ya 1955, alitajwa kuwa kiongozi wa njama akiwa uhamishoni London. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, na jaji alikuwa Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa Karibi. Bibi Titi alikana mashtaka. Februari 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Ndoa ilikuwa imevunjika akiwa gerezani, nyumba alikuwa amezipoteza, na wengi wa waliomshangilia zamani hawakupita tena mlangoni kwake. Miaka karibu 20 ilifuata ambayo magazeti hayakuwa na la kusema juu yake.

Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, jina lake lilichapishwa tena, safari hii akiitwa shujaa. Baadaye barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja, kati ya katikati ya jiji na Kariakoo, ikawa Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Makondakta wa daladala wakalifupisha kuwa Bibi Titi tu. Alifariki Novemba 5, 2000 katika hospitali moja ya Johannesburg.

Katika mwaka huohuo wa 1991, mnamo Februari, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Tangu hapo mwanachama, kiongozi na mbunge wanaruhusiwa kuwa na hisa, kupokea mishahara zaidi ya mmoja, na kupangisha nyumba.