Kasi ya Kundi na Kasi ya Saa: Hoja kutoka Mama Ngina

Tarehe 24 Machi 2007, uwanja wa gofu wa Mombasa, jirani na kivuko cha feri, ulipokea mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyetwaa taji la mbio ndefu kila mwaka tangu 2002, alishindwa kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Hari ya mwisho wa kaskazi iliwaangusha wengi.

Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Damu huvutwa kwenye ngozi, moyo huongeza mapigo, na kasi iliyokuwa nyepesi katika baridi ya Iten hugeuka adhabu chini ya mibuyu ya Mama Ngina, bustani ya ufukweni hapa Mombasa. Saa ya mkononi huonyesha dakika kwa kilomita, wala haijui uzito wa hewa iliyovutwa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale hata umbali hupotoka, maana mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza.

Kwenye kundi la wakimbiaji wanaofanya mazoezi pamoja, madhara ya saa hizo huzidi. Mmoja huchomoka mbele kwa kuwa namba inamwambia amechelewa. Mwingine hulegea kwa kuwa mapigo yamepita kikomo alichowekewa na programu ya simu. Asiye na saa, mara nyingi kijana asiye na uwezo, hukimbizana na maamuzi asiyoyaona. Kinachopotea ni kusomana: kumsikia mwenzako anavyohema, kutambua hatua zake zinapoanza kuburura. Kwetu pwani huo ni ulinzi hasa, kwani anayezidiwa na joto mara nyingi hajitambui. Mwenzake ndiye humwona akiyumba.

Wapo watakaonijibu kwa Vienna. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, akiongozwa na miale ya leza iliyomulikwa barabarani kutoka kwenye gari; siku nane baadaye alienziwa hapa hapa Mama Ngina, Siku ya Mashujaa. Mfano huo unaniunga mkono. Mwanga ulikuwa mmoja, mbele ya wote, na wasaidizi 41 waliopokezana kumkinga upepo walijipanga kwa kuufuata. Mashine ilisema na kundi zima.

Kwa makocha wa kisiwani napendekeza kigezo hicho: mazoezini kitumike chombo ambacho kila mmoja anakiona au kusikia kinachosema. Kocha mwenye saa, anayetangaza muda kwa sauti kila mzunguko, anatosha. Kipimajoto na kipima unyevu vina faida kubwa zaidi, kwa sababu uamuzi unaotokana navyo huwahusu wote: kufupisha, kuongeza maji, kuahirisha hadi alfajiri. Kumbukumbu za saa zisomwe baadaye, kikaoni, baada ya kila mkimbiaji kueleza alivyojisikia. Mpangilio huo sikubali ulegezwe, kwani kijana akishaiona namba, huieleza namba na kuuacha mwili wake.