Kuchajisha simu: beyi gani inaingiza franka nyingi?

Esanse ikipanda, wengi wenye kuchajisha simu za watu wanapandisha beyi siku ile ile. Mangaribi wanahesabu sanduku, wanakuta franka zimepunguka. Wanalaumu wateja, lakini mara nyingi hesabu ndiyo haikufanywa.

Makuta yenye kuingia ni beyi mara idadi ya simu. Ukipandisha beyi, simu zinapunguka. Tutoe mfano, franka hizi ni za kufikiria tu: kwa 300 FC unapata simu 60 kwa siku, na kila 100 unayoongeza inafukuza simu 10. Kwa 300 zinaingia 18 000. Kwa 400, simu 50, ni 20 000. Kwa 500, simu 40, tena 20 000. Kwa 600 unabaki na simu 30, unarudi ku 18 000.

Kilele kiko katikati: 450, simu 45, franka 20 250. Kama wateja wanapunguka kwa hatua sawasawa hivi, kuna njia fupi: tafuta beyi yenye hakuna mtu atakubali, hapa ni 900, gawa kwa mbili. Ila 450 inaomba noti za 50, na shida ya franka za kurudisha tunaijua sisi wote. Mimi ningechagua 400 ao 500.

Hesabu hii ni ya zamani. Mwaka wa 1838, Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliiandika katika kitabu, kwa mfano wa mtu mwenye chemchemi ya maji ya kuponyesha, yenye hakuna mwingine anayo. Akiomba beyi kubwa sana, wanunuzi ni wachache. Basi anashusha kidogo kidogo mpaka makuta ifike juu. Maji yale hayamgarimu kitu.

Mwenye plake ya jua anafanana naye: akisha kuinunua, jua haliombi franka. Mwenye jenereta hapana. Tuseme kila simu inakula esanse ya 100 FC. Kwa 400 anabaki na 15 000, kwa 500 anabaki na 16 000. Basi kwake ni 500. Angalia vizuri: garama imeongezeka 100, lakini beyi nzuri imetoka 450 kufika 500, nusu yake tu. Ule anayemtupia mteja 100 yote, akaomba 550, anapata simu 35 na kubaki na 15 750.

Idadi zako wewe utazipata mu kaye. Andika simu za kila siku, juma moja kwa beyi moja, juma lingine kwa beyi ingine. Usilinganishe siku ya soko na siku ya kawaida, wala siku yenye umeme umerudi mu kartie. Na jirani akishusha beyi yake, kaye ile haisaidii tena, unaanza kuandika upya.