Ugumu wa kumeza ni dalili, usiufiche kwa uji

MTU anapolalamika kwamba ugali unamkwama kooni, wengi humshauri ateremshie maji au ageukie uji. Ushauri huo humpa nafuu ya muda tu. Ugumu wa kumeza si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili ya maradhi mengine yaliyoshambulia umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi unaopeleka chakula tumboni.

Kwa kawaida, misuli hiyo hujikaza kwa zamu na kukisukuma chakula hadi kwenye vali iliyo mlangoni mwa tumbo. Kazi hiyo huvurugika kwa njia kuu mbili.

Ya kwanza ni mrija kuzibika. Asidi inayopanda kutoka tumboni kwa muda mrefu huweza kuacha makovu yanayoubana. Saratani nayo huuziba kidogo kidogo: mgonjwa hushindwa kumeza nyama na ugali, kisha uji, na hatimaye hata maji. Saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi zaidi nchini Kenya, na eneo la Bomet limeathirika mno. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Aidha, mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilieleza kuwa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo.

Ya pili ni hitilafu ya neva au misuli. Katika maradhi ya akalesia, neva za umio hufa na vali hukataa kulegea, hivyo chakula na maji hukwama vilevile tangu mwanzo. Skleroderma, ambapo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, huidhoofisha misuli.

Kando na hayo, kinga inaposhuka kwa sababu ya virusi vya ukimwi, kuvu huweza kuota ndani ya umio na kufanya kumeza kuwe kwa maumivu.

Daktari hutafuta chanzo kwa kupitisha kamera ndogo kooni. Kuvu hutibiwa kwa dawa, mrija uliobanwa na makovu hupanuliwa, na vali iliyokaza hupasuliwa. Saratani ikigunduliwa mapema huweza kuondolewa. Ikichelewa, mara nyingi mgonjwa huwekewa tu kijibomba cha kuuachanisha umio ili apate kula.

Dalili ya mvua ni mawingu. Chakula kikikwama mara kwa mara, hasa ukiwa unakonda, nenda hospitalini ungali unaweza kumeza uji.